Mlima Unaoitwa kwa Jina la Jirani

Katika kazi ya kufasiri, maneno ya michezo ndiyo yanayonitaabisha kuliko yote. Neno la sharia lina kamusi yake, na neno la dini lina wanavyuoni wake. Lakini neno la mchezo hukaa midomoni mwa watoto, na watoto hawaandiki kamusi. Nimelikumbuka hilo kila nilipokutana, katika vitabu vya kigeni, na ile reli ya mbao au ya chuma inayopanda na kuteremka bila ya kufika popote, ambayo abiria wake hulipa nauli ili watishwe, wapige mayowe, kisha washushwe pale pale walipopandia. Sisi watu wa mwambao tuna pembea, na wanaozijua pembea za Idi za uwanja wa Makadara, Mombasa, zinazozungushwa kwa nguvu za mikono ya vijana, wanaujua vyema mchezo wa tumbo kubaki juu ilhali mwili umeshateremka. Lakini pembea haina reli wala milima. Anayelifuata jina la Kiingereza hutamka rolakosta, tamko lisilompa msikilizaji picha yoyote. Katika makala haya nitaiita treni ya milima, hadi atakapotokea mwenye neno bora.

Wenzetu nao hawakuafikiana juu ya jina. Wafaransa, Waspania, Wataliana na Wareno huiita milima ya Kirusi. Warusi wenyewe huiita vilima vya Kimarekani. Wajerumani huiita njia ya nane, kwa umbo la tarakimu hiyo. Waarabu, vitabuni, wana neno lililotokana na jina la nyoka, na midomoni mwa watu wengi ni treni ya mauti, bila ya kuuma maneno. Mfaransa humsukumia Mrusi, Mrusi humsukumia Mmarekani, kana kwamba hakuna taifa lililo radhi kukiri kuwa ndilo lililobuni mchezo wa kuilipia khofu. Naona katika mzozo huo wa majina mna historia nzima, na mna swali moja zito: mlima huu ni wa nani hasa, na nani mwenye haki ya kuupanda?

Kwa asili, Mfaransa hakukosea. Katika karne ya 17 na ya 18, kwenye sherehe za majira ya baridi, Warusi wa St Petersburg na kwengineko walikuwa wakijenga majukwaa marefu ya mbao, wakaumwagia maji mteremko wake, na usiku mmoja wa baridi ukatosha kuyafanya maji hayo kuwa barafu ngumu. Watu walipanda kwa ngazi na kuteremka kwa vigari visivyo na magurudumu. Mchezo huo haukuwa wa makabwela peke yao. Malkia Catherine aliupenda, na huko Oranienbaum lingali limesimama jumba aliloamrisha mjenzi Antonio Rinaldi amjengee baina ya 1762 na 1774, makhsusi kwa ajili ya kutelezea. Mteremko wenyewe umeshatoweka, na jumba limebaki kama kibwagizo cha wimbo uliosahauliwa beti zake.

Paris haina barafu ya kutegemewa, kwa hiyo Wafaransa wakatia magurudumu. Mwaka 1817 ilifunguliwa huko Belleville miteremko iliyopewa jina la Kirusi, ambayo vigari vyake vilishikwa na njia visiweze kuiacha. Ndipo jina lilipoganda katika lugha za Ulaya, hata baada ya miteremko yenyewe kuvunjwa.

Mrusi naye, amtajapo Mmarekani, ana hoja. Katika milima ya Pennsylvania ilijengwa mwaka 1827 reli ya Mauch Chunk, yenye urefu wa kilomita kama 14, kwa ajili ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka machimboni. Mzigo ulishuka kwa uzito wake wenyewe. Nyumbu waliokokota mabehewa matupu kwenda juu walipakiwa katika behewa lao na kuteremshwa pamoja na mzigo, na husimuliwa kuwa walipokwishauonja usafiri huo walikataa katakata kushuka tena kwa miguu. Binadamu walichelewa kidogo kuliko nyumbu. Makaa yalipopata njia nyengine katika miaka ya 1870, reli ile iliachiwa watalii, nao wakaipanda hadi 1933 kwa sababu ya kile kile alichokipenda nyumbu.

Kutoka hapo ndipo anapoingia LaMarcus Thompson. Alikuwa mtu wa dini, na alichukizwa na vilabu vya pombe na nyumba za ufuska ambako vijana wa mijini walimalizia mishahara yao. Badala ya kuwahutubia, aliwajengea mchezo. Juni 1884, katika ufukwe wa Coney Island, New York, alifungua njia mbili za mbao zenye mawimbi, zinazoelekeana. Abiria alipanda mnara, akakaa ubavu kwenye benchi akiitazama bahari, akateremka kwa mwendo wa kilomita kama 10 kwa saa, akashuka ili wahudumu walisukume gari kwenye njia ya kurudia. Nauli ilikuwa senti 5. Mwendo ule leo baiskeli huushinda bila ya taabu, lakini watu walijaa. Baada ya muda mfupi wakatokea wengine walioiunganisha njia ikawa duara moja, na walioweka mnyororo wa kulivuta gari hadi kileleni huku abiria wamekaa. Kanuni ya treni hizi haijabadilika mpaka leo: mashine hukupandisha mlima wa kwanza, na agahalabu uzito wako mwenyewe ndio unaofanya kazi iliyobaki. Ndiyo maana katika treni za namna hiyo kilima cha kwanza hakizidiwi kimo na chochote kinachokifuata.

Kwa mpenzi wa mashairi, sehemu ya historia hii inayoliwaza zaidi ni ile ya mizani. Mwaka 1895 palijengwa Coney Island treni ya kupindua watu kichwa chini, na njia yake ilizungushwa kwa duara kamili. Duara ni umbo zuri kwa macho, lakini gari liingiapo humo kwa kasi, uzito humwangukia abiria kwa ghafla, na shingo zikaumia. Mwaka 1901 Edwin Prescott akalirefusha duara likawa mfano wa yai, maumivu yakapungua, lakini watu walikuwa tayari zaidi kulipa wakatazame wenzao wanavyopinduliwa kuliko kupinduliwa wenyewe. Ilibidi kungojea hadi 1976, huko California, ambako hesabu za mhandisi wa Kijerumani Werner Stengel zilitoa mkunjo unaojikaza kidogo kidogo kadiri unavyopanda na kujilegeza kadiri unavyoshuka. Tafauti baina ya duara la 1895 na mkunjo wa 1976 ni tafauti baina ya mshororo uliojazwa maneno hadi ukavunjika na mshororo uliopewa pumzi yake. Kadhalika John Miller, aliyesajili mwaka 1919 gurudumu la tatu, la chini ya reli, linaloifumbata njia ili gari lisiruke. Kwa gurudumu hilo milima iliweza kuwa mikali maradufu. Usalama ulipozidi, na khofu ikaruhusiwa kuzidi.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyokuwa neema ya treni za milima Marekani. Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa Juni 1927, ina kimo cha mita 26 na mwendo wa takriban kilomita 96 kwa saa, na safari yake haitimizi dakika mbili. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, ikaja vita, na milima kwa mamia ikavunjwa kuwa kuni. Mwaka 1955 Walt Disney alifungua Disneyland, bustani ambayo kila mchezo wake umevishwa kisa, na mwaka 1959 akaongeza humo mlima wake wa Matterhorn, uliotumia reli za mabomba ya chuma. Tokea hapo wapenzi wa treni hizi wana ugomvi usiokwisha baina yao.

Wapenzi hao wapo, na ni watu wa ajabu. Jumuiya yao ya Marekani iliasisiwa mwaka 1978. Huhesabu treni walizozipanda kama vile mtaalamu wa ndege anavyohesabu ndege alizoziona. Hujadiliana kwa ukali ni wapi pa kukaa. Mbele, wasema baadhi, ndiko unakoliona shimo kabla hujaanguka. Nyuma, wasema wengine, ndiko unakotupwa, kwani behewa la mwisho linapofika kileleni treni imeshaanza kukimbia na hukunyakua kabla hujajiandaa. Wazee wao hupendelea mbao: mbao hutikisika, hulia, hubadilika mvua inyeshapo, na safari ya jioni si safari ya asubuhi. Chuma, wasema, ni laini mno, ni msomaji asiyekosea lakini hana sauti. Na kuhusu bustani za visa malalamiko yao ni kuwa kisa kimelimeza gari. Mtu husimama foleni saa nzima akitazama mapambo, akapata dakika mbili za mlima wenyewe.

Sina budi kuwaunga mkono katika jambo moja, nalo ni kuhifadhi. Cyclone ilikuwa ivunjwe katika miaka ya 1970 ili kutoa nafasi kwa jumba la samaki la jirani yake. Waliopiga kelele ndio walioiokoa, ikafunguliwa tena mwaka 1975, na mwaka 1991 ikatiwa katika orodha ya kumbukumbu za kihistoria za taifa. Ile ya Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa mwaka 1902, ilisimamishwa 1985 na kufufuliwa 1999. Watu wanaoweza kulilinda gofu la mbao kwa sababu tu liliwafurahisha babu zao, wana la kutufunza sisi tunaoziachia nyumba zetu za mawe zianguke.

Lakini katika masimulizi yao matamu ya miaka ya neema mna ukurasa unaofunuliwa upesi upesi. Miaka ile bustani nyingi za burudani za Marekani, kusini na hata kaskazini, zilikuwa na mlango usiofunguka kwa mtu mweusi. Glen Echo, kandokando ya Washington, ilikuwa na treni yake ya milima tokea 1921, na ilikuwa ya weupe peke yao. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia wakakaa juu ya farasi wa mbao wa jukwaa la kuzunguka. Mlinzi alimuuliza mmoja wao ni wa asili gani, naye akajibu kuwa ni wa asili ya binadamu. Watano walikamatwa. Wakaazi weupe wa mtaa wa karibu walijiunga nao, wakasimama mlangoni na mabango msimu mzima wa joto, na mwaka 1961 bustani ikafunguliwa kwa wote. Hukumu za wale watano zilitenguliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1964. Huko Gwynn Oak, karibu na Baltimore, mamia walikamatwa Julai 1963, miongoni mwao viongozi wa dini, na mlango ukafunguliwa tarehe 28 Agosti, siku ile ile ya maandamano makubwa ya Washington. Mwaka huo huo wa 1963 Martin Luther King, katika barua yake aliyoiandika jela ya Birmingham, alipotaka kueleza kwa nini watu wake hawawezi kungoja zaidi, hakutaja kura na mahakama pekee. Alimtaja pia binti yake wa miaka sita, aliyeona tangazo la bustani ya michezo katika televisheni, na baba akashindwa kumweleza kwa nini hawezi kwenda.

Wako watakaosema kuwa hilo lilikuwa dogo, kwamba anayedai haki asianzie na farasi wa mbao. Mimi naona kinyume chake. Khofu ziko mbili. Iko khofu ya maisha, ambayo huijui itaisha lini, na iko khofu ya mchezo, ambayo ina mizani yake, huanza kileleni na kwisha kituoni. Ya pili haiwezi kuonja ladha yake ila aliyepumzishwa na ya kwanza. Anayekimbizwa na simba hatamani kupanda pembea. Mtoto mweusi wa Maryland khofu ya maisha aliipata bure, kila siku, njiani na skulini. Alichonyimwa ni ile ya kuchezea, yenye mshipi wa usalama na mtu wa kukungojea chini. Kumwambia asipande kulikuwa sawa na kumwambia kuwa usalama si wake. Sisi husema mcheza kwao hutuzwa. Wale walikuwa kwao, na malipo yao yalikuwa pingu.

Siku hizi milima imehamia kwengine. Ile ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa Novemba 2010, ilikuwa wakati huo ndiyo yenye kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na abiria wake huvaa miwani. Jamaa zetu walioko Ghuba huwapeleka watoto wao huko siku za Idi, na watoto hao huporudi visiwani kwa likizo hutaka kuwasimulia binamu zao na hawana neno. Kwa ajili yao lazima jina lipatikane. Litakapopatikana, rai yangu ni kuwa tusiwafuate waliolitia ndani yake jina la taifa, liwe la Kirusi au la Kimarekani. Mlima huu ulishawahi kupewa wenyewe mara moja, na tumeona waliosimama mlangoni.