Panga Zilizoungua Ngomeni Osaka

Ukiona picha ya ngome ya Osaka, ule mnara mweupe wenye mapaa ya kijani, usidanganyike. Ni zege la mwaka 1931, na ndani yake ni makumbusho. Watu wanapita kuzishangaa silaha na deraya za samurai nyuma ya vioo. Mimi linalonisumbua ni moja tu: panga za wale wengine zilikwenda wapi?

Aliyeanza kujenga ngome hapo, mwaka 1583, ni Toyotomi Hideyoshi. Jamaa hakuwa mtoto wa mkubwa. Alitoka kwa wakulima, na upanga ndio uliompandisha. Basi alipofika juu, njia aliyopitia akaifunga. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga, mikuki na bunduki. Wakaambiwa chuma chao kitafuliwa misumari ya sanamu kubwa ya Buddha kule Kyoto, kwa hiyo watapata heri duniani na ahera. Maneno matamu hayo! Lakini amri ile ile ilisema pia kwamba mkulima mwenye silaha ni mgumu kulipa kodi na mwepesi kuasi. Sanamu yenyewe tetemeko liliivunja mwaka 1596.

Na yeye je? Alijikusanyia panga za wahunzi mashuhuri, mmojawapo Ichigo Hitofuri, kazi ya Yoshimitsu. Alikufa 1598, mwanawe Hideyori akarithi. Kijana akaisimamisha tena sanamu, akasubu na kengele. Mwaka 1614 Tokugawa Ieyasu akadai maandishi ya kengele hiyo yanamlaani. Kisingizio, nani asiyejua? Vita vikaja, na 1615 ngome ikateketea, Hideyori na mama yake wakajiua humo humo.

Panga nazo ziliungua. Upanga wa Kijapani hupakwa udongo, mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni, ukapashwa moto kisha ukachovywa majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hubaki laini usivunjike. Moto wa nyumba huufuta ugumu huo wote. Unaokota chuma chenye umbo la upanga, basi.

Ieyasu alimpa mhunzi Yasutsugu azichovye upya. Ichigo Hitofuri ulipona hivyo, na leo ni mali ya hazina ya kifalme, una jina na ukoo wake. Ile misumari iliyokuwa panga za wakulima, nani aliiokota kwenye kifusi cha 1596?