Jabia, Ngoro na Maji ya Paa Mpanda

Mpanda ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo kiangazi hutawala karibu nusu mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya bati la mita za mraba 60 humwaga lita 1,800. Katika viwanja vingi vidogo, maji hayo hukimbizwa barabarani au kwa jirani aliye bondeni. Mapokeo mawili ya Afrika Mashariki huyapokea kwa namna nyingine.

Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, wenyeji hujenga jabia: sakafu pana inayoteremsha mvua hadi kwenye birika la ardhini. Wamatengo wa Mbinga hawahitaji birika. Kwa desturi, wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba mteremkoni, na wanawake huyafukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba. Shimo linalobaki, yaani ngoro, hunasa maji na rutuba. Kingo zake hupandwa maharage na mahindi.

Jabia hupambana na kiu, ngoro hupambana na mmomonyoko. Jabia ikijaa, mvua inayofuata hupita bure. Ngoro hunywa na kunywa tena. Lakini ngoro haimpi mtu ndoo ya maji Septemba.

Mpanda tunaiga jabia peke yake: tunanunua tanki, basi. Tanki la lita 1,000 hujazwa na mvua moja tu. Lita 800 za mvua ile ya milimita 30 hufurika uani. Familia inayotumia lita 40 kwa siku humaliza tanki hilo kwa siku 25, na kiangazi bado kirefu.

Tanki halimalizi kiangazi wala halipokei maji yote ya paa. Ndiyo maana naitanguliza ngoro. Maji yanayofurika yaelekezwe kwenye mashimo ya migomba na mipapai, mbali na msingi wa nyumba na choo. Maji yakituama shimoni kwa siku kadhaa, udongo hapo haunywi na mbu watazaliana; shimo lihamishwe. Mtaro wa barabarani upokee masalio tu. Mwenye kiwanja asiyeyapa maji yake makao humhamishia jirani gharama yake, na hilo si haki.