Ziwa Kivu: samaki gani wako, wanaishi wapi, na mvuvi anaweza kutumaini nini

Mtu akisimama Goma, Minova, Kalehe ao Bukavu na kuangalia maji, anaona ziwa kubwa. Kutoka kaskazini mpaka kusini kuna karibu kilometa 90, na katikati kuna kisiwa cha Idjwi chenye milima na mashamba yake. Lakini kwa upande wa samaki, Kivu ni ziwa maskini. Tanganyika ina aina za samaki mamia. Kivu ina 29 tu zinazofahamika, tena ndani ya hizo kuna ambazo zililetwa na watu.

Wakaaji wengi wa pwani wanajiuliza sababu ya hiyo tofauti. Wengine wanasema ni gesi, wengine ni volkano, wengine ni wavuvi kuzidi. Kila jibu lina ukweli kidogo. Ukiyaweka pamoja, unaelewa pia kwa nini kilometa chache za maji ya kando zina samani kuliko maji yote ya katikati.

Nyumba kubwa, watu kwenye etaji ya juu tu

Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre 1.463 juu ya bahari, na pahali penye kina kirefu zaidi linashuka mpaka metre 485. Lakini samaki hawezi kuishi kote kule. Chini ya metre 60 hivi hakuna oksijeni. Kuna maji ya chumvi chumvi, yenye kubeba gesi ya kaboni na metani nyingi, na hayachanganyiki na maji ya juu.

Hesabu ni rahisi. Ziwa hili ni kama nyumba ya etaji nane ambayo wapangaji wanaruhusiwa kukaa etaji ya juu tu. Zaidi ya hayo, hiyo etaji yenyewe inabadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, upepo unapiga, maji ya juu yanapoa na kuchanganyika, na oksijeni inashuka mpaka karibu metre 60 ao zaidi kidogo. Wakati wa mvua maji ya juu yanatulia, na oksijeni inaishia metre 30 hivi. Samaki wanabanwa juu.

Ghuba ya Kabuno, kule upande wa Sake, ni mbaya zaidi. Pale maji yenye gesi yako karibu sana na uso: oksijeni inaisha kwenye metre 11 hivi. Ndiyo maana mvuvi wa Kabuno hawezi kutumaini kile mwenzake wa Idjwi anapata.

Tatizo la pili ni pwani yenyewe. Kivu ni bonde lililojaa maji. Karibu kila pahali mlima unaingia moja kwa moja ndani ya ziwa, na hatua chache kutoka kando tayari ni kina. Samaki kama tilapia wanahitaji maji mafupi yenye mchanga, matope na majani ili wazalie. Pahali pa namna ile ni pachache: ndani ya ghuba, kwenye midomo ya mito, na kandokando ya visiwa.

Njia zilizofungwa

Zamani maji ya bonde hili yalikuwa yakitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edouard. Halafu volkano za Virunga ziliota na kufunga njia. Maji yakapanda, yakatafuta njia nyingine, yakatokea kusini: ndiyo mto Ruzizi, unaoenda mpaka Tanganyika. Kwa hiyo samaki wa asili wa Kivu ni ndugu za wale wa Edouard na Victoria, siyo wa Tanganyika. Na kwa sababu Ruzizi unashuka kwa maporomoko makali, samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda wenyewe.

Wenyeji wakubwa wa ziwa ni samaki wadogo wa jamii ya haplochromis. Aina zake 15 hivi ziko Kivu tu. Haziko pahali pengine duniani. Wanaishi karibu na mawe na mchanga wa pwani, hawapendi katikati. Kuna pia tilapia ya asili, kambale wa aina mbili, barbus wakubwa na wadogo. Aina nyingine za tilapia zililetwa na watu katika karne ya 20.

Sambaza: mgeni aliyekuja kulisha

Mpaka mwisho wa miaka ya 1950, katikati ya ziwa kulikuwa karibu tupu. Wadudu wadogo sana wa majini walikuwa wengi, lakini hakukuwa samaki wa kuwakula. Watawala wa Kibelgiji waliamua kuleta vifaranga kutoka Tanganyika. Walitumainia hasa ndagala, ile ndogo inayojulikana sana Uvira na Burundi. Kati ya 1958 na 1960 walimwaga aina mbili pamoja. Ndagala ikashindwa. Ile ya pili, ambayo hawakuitegemea sana, ndiyo ikakamata: sambaza, kwa jina la kisayansi Limnothrissa miodon.

Leo sambaza ndiyo uvuvi wa Kivu. Usiku mtu anaona taa zikiwaka kwenye maji kama mji mwingine. Ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambayo watu wanaita ekipe, na katikati kuna wavu unaoshushwa na kupandishwa. Taa zinavuta wadudu, wadudu wanavuta sambaza, na wavuvi wanavuta wavu. Kazi hii ilienea baada ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza Gisenyi mwaka wa 1979. Usiku wa mwezi mkubwa ekipe nyingi zinalala, kwani taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi.

Asubuhi wamama wanangojea pwani na mabeseni. Sambaza mbichi inauzwa palepale, inayobaki inakaushwa kwa jua ao inakaangwa. Kwa familia nyingi za Bukavu na Goma, ndiyo nyama ya kila siku pamoja na bugali na sombe, kwa sababu inaweza kununuliwa hata kwa kipimo kidogo.

Hiyo zawadi ilikuwa na bei yake. Mdudu mmoja mkubwa wa majini, daphnia, alitoweka kabisa baada ya sambaza kuingia. Mwaka wa 1986 mtaalamu Dumont aliandika kwamba sambaza imekula chakula chake yenyewe na inaweza kuanguka. Haikuanguka. Vipimo vya sauti vilivyofanywa baadaye, na kutangazwa mwaka wa 2012, vilionyesha kwamba wingi wa sambaza haukubadilika sana tangu miaka ya 1980. Yaani katikati ya ziwa kuna samaki wa kiasi fulani, hawaongezeki sana, hawajaisha. Kama ekipe zinaongezeka, kila ekipe inapata sehemu ndogo zaidi ya chungu kilekile.

Mgeni wa pili

Kufikia mwaka wa 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana ndani ya Kivu, safari hii bila mtu kutangaza kwamba amemleta: Lamprichthys tanganicanus. Ni mwembamba, ana madoa ya bluu yanayong'aa ubavuni, na anaweza kufika sentimetre 15. Anazalia kwenye nyufa za mawe, na Kivu ina mawe mengi. Anakula wadudu wadogo walewale wa sambaza. Kwa muda mfupi alienea pwani zote.

Wavuvi wanamkuta ndani ya nyavu, mara nyingi kuliko wanavyotaka, kwani sokoni sambaza inapendwa zaidi. Kwa mwenye ndoano, lakini, huyu ni samaki wa kutumainia: yuko karibu na mawe, anatembea kwa kundi, na anakamata chambo kidogo.

Mwenye ndoano apate nini?

Uvuvi wa ndoano ni kazi ya vijana wa pwani, ya wazee wenye mtumbwi mmoja, na ya mtu anayetafuta mboga ya jioni. Kivu haina samaki wakubwa kama sangala wa Tanganyika ao capitaine wa Mto Kongo. Anayekuja na tumaini hilo atarudi mikono mitupu. Mwenye kujua ziwa, yeye anarudi na kitu.

Tilapia yuko ndani ya ghuba zilizotulia, penye majani na maji ya metre mbili ao tatu. Anakamata minyoo ya udongo na vipande vya bugali iliyokandwa ngumu. Asubuhi mapema na jioni ni saa nzuri. Jike anabeba mayai na watoto mdomoni kwa siku nyingi, na wakati huo hali sana. Ukimtoa majini ukaona watoto wanamwagika mdomoni, kumrudisha haraka ni kuhifadhi samaki wa kesho.

Kambale yuko kwenye matope, karibu na midomo ya mito, na usiku ndio saa yake. Anapenda chambo chenye harufu: minyoo mingi, matumbo ya samaki. Mvua kubwa ikinyesha na mto ukageuka rangi, yeye anasogea kando kutafuta chakula.

Barbus mkubwa naye anasikia mvua. Anapanda mito ili azalie, na hapo ndipo watu wanamziba kwa nyavu ao mitego toka ukingo mmoja mpaka mwingine. Kumkamata mmoja mmoja kwa ndoano hakuumizi ukoo wake. Kuziba mto mzima wakati wa kuzaa kunaumaliza kwa miaka michache tu.

Haplochromis wako mawe yote, na watoto wanawakamata kwa ndoano ndogo kabisa. Ni mboga kidogo, lakini ni mboga. Sambaza yenyewe si samaki wa ndoano. Mtu asipoteze siku yake.

Pwani ndiyo chumba cha kuzalia

Hapa ndipo mambo yote yanakutana. Sambaza inavuliwa katikati, lakini inazaliwa kando. Mayai na watoto wake wanakaa maji mafupi ya pwani kabla ya kutoka kwenda kwenye kina. Tilapia anazalia pwani. Haplochromis wote ni wa pwani. Na pwani yenyewe, kama ilivyosemwa, ni ukanda mwembamba.

Kwa hiyo mtu akivuta chandarua cha mbu kando ya ziwa, hakamati samaki wadogo tu. Anakamata sambaza ambayo ekipe ingeipata baada ya miezi michache, ikiwa na uzito mara nyingi zaidi. Beseni moja la vifaranga ni mabeseni mengi ya baadaye. Tena chandarua chenye dawa kinaacha sumu inayoua wadudu wa majini, chakula cha wale waliobaki.

Wanaofanya hivyo wanajulikana: mara nyingi ni watu wasio na mtumbwi wala franga za kununua wavu halali, ama waliokimbia vita na hawana shamba. Kuwakimbiza tu hakujazi sufuria yao. Mahali ambapo vikundi vya wavuvi vimekubali kuingiza watu hao ndani ya ekipe, ao kuwakopesha ndoano na wavu wa tundu kubwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Adui mwingine wa pwani hana wavu. Ni udongo unaoteremka kutoka milima iliyokatwa miti, na uchafu wa miji. Bukavu inajua jambo hili vizuri: plastiki zinazotupwa ndani ya ziwa zinasukumwa mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mashine, na umeme unakatika. Kabla ya kufika kule, zimekwisha kupita juu ya mahali samaki wanazalia.

Kufunga ziwa: nani anapata faida?

Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza unasimamishwa miezi miwili hivi kila mwaka, kawaida kati ya mwezi wa nane na wa kumi. Ziwa ni moja na samaki hawana pasiporti. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukavua, aliyefunga analala njaa kwa ajili ya jirani. Pande zote mbili zikifunga bila kupanga wavuvi watakula nini, wengine watarudi kando na vyandarua, pale pale penye vifaranga.

Wavuvi wazee wa Kivu wana njia yao ya kupima, bila mashine: wanaangalia ukubwa wa sambaza ndani ya beseni. Ikiwa nyingi zimefika urefu wa kidole kirefu, ziwa linapumua. Ikiwa beseni limejaa zile za ukubwa wa ukucha, basi mtu amevuta mahali hapakupaswa, ao wakati haukupaswa. Mnunuzi naye anaweza kupima hivyo hivyo sokoni. Akikataa vifaranga, mvuaji wa vifaranga anakosa sababu ya kurudi kando kesho yake.