Shule Iliyohama

Mwaka 1925 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha shule huko Kabaa, katika nchi kavu ya Ukambani. Mwaka 1940 masomo ya juu yalihamishiwa Mang'u, katika nchi ya Wakikuyu. Na baadaye shule hiyo ikahama tena, ikajengwa karibu na Thika. Kabaa nako hakukuachwa tupu: shule ipo hata leo. Tom Mboya alisoma Kabaa, kisha Mang'u; naye Mwai Kibaki, mwanafunzi wa Mang'u, akawa Rais wa Kenya mwaka 2002.

Basi tujue kwamba majengo ni ganda tu. Kiini cha shule ni mwalimu na mwanafunzi. Kijiji kingojacho nyumba nzuri kwanza ndipo kifundishe watoto, kitangoja hata watoto wawe wazee.