Montaji ya video: misingi ya kuwafundisha vijana wa kanisa

Katika mtaa wa Bel-Air, komuni ya Kampemba, vijana wengi wana simu zinazopiga video. Kinachokosekana ni kazi inayofuata: montaji. Lubumbashi si mgeni wa kazi hii. Mwaka 2008 yalianza hapa maonyesho ya foto na video ya Picha, yanayojulikana leo kama Biennale ya Lubumbashi. Ukitaka kuwafundisha vijana wako, fuata hatua hizi.

1. Kuhifadhi. Kabla ya kukata chochote, video inakiliwe mahali pawili. Kwa kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde, ibada ya saa moja inachukua karibu gigabaiti 4.5, tayarisha nafasi. Kwa kuwa umeme hukatika, mwanafunzi azoee kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache.

2. Kuchagua. Atazame yote, akiandika dakika na sekunde ya kila sehemu inayofaa.

3. Kukata na kuunganisha. Programu za Kdenlive na Shotcut ni za bure. Kompyuta ikiwa dhaifu, zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi.

4. Sauti. Picha hafifu huvumiliwa, lakini maneno yasiyosikika humchosha mtazamaji. Kilele cha sauti ya msemaji kiwe kati ya desibeli -12 na -6, na muziki ubaki chini yake.

5. Kumalizia. Sawazisha rangi, andika majina kwa usahihi, kisha toa faili ya MP4 ambayo simu nyingi zinaifungua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye hatari. Mama mmoja alishuhudia kwamba alilia miaka miwili kabla ya kumsamehe ndugu yake. Mwanafunzi wetu aliondoa ile miaka miwili ili video iwe fupi. Ikabaki kwamba alisamehe tu. Hakuna neno lililoongezwa, lakini ushuhuda haukuwa tena wa mama yule, na aliyekuwa bado analia nyumbani hangepata msaada wowote. Tuliirudisha sehemu hiyo.

Amri ya tisa inahusu pia mkasi wa montaji. Kwa hiyo, tumeweka kanuni moja: aliyesema atazame kwanza, na akikubali ndipo video itolewe.