Fuvu la Kalenga na Ufuo wa Kyela

Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wamezoea kualikwa kushindania tuzo za insha za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za SADC. Mada aghalabu huwa pana: utangamano wa kanda, biashara, amani. Basi kijana wa Iringa au wa Mbeya hukaa akatafuta mifano ya Ulaya, ilhali mikataba miwili mikubwa ya dunia imepita mlangoni pa kwao. Lau ningekuwa mtunga maswali, ningempa hiyo miwili tu.

Wa kwanza ni Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919. Kifungu chake cha 246 ni kifupi, na sidhani kama kuna cha ajabu kukishinda. Kinaiamuru Ujerumani, ndani ya miezi sita, imrejeshee Mfalme wa Hijazi Msahafu asilia wa Khalifa Othman, uliotolewa Madina na Waturuki na kusemekana kuwa alitunukiwa Kaiser Wilhelm II. Kisha, kwa muda ule ule, iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Msahafu wa Madina na kichwa cha Mhehe, kifungu kimoja!

Mkwawa alikuwa ameliangamiza jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo, Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa, kikachukuliwa. Wazo la kukidai lilikuwa la Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza aliyetaka kuwapoza nyoyo Wahehe. Mkataba ulianza kutumika Januari 1920; miezi sita ikapita, ikapita na miaka zaidi ya thelathini, Wajerumani wakishikilia kuwa fuvu halijulikani liliko. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akachagua moja miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Kwamba ndilo lenyewe, wapo wanaotia shaka hadi leo.

Lakini swali la insha si hilo. Swali ni kwamba kifungu kilimtaja Mkwawa pasipo kuwataja watu wake. Aliyedhulumiwa ni mmoja, aliyeandikiwa haki ni mwingine.

Mkataba wa pili sisi wa visiwani tunaujua kwa machungu yetu: ule wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwao Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Karatasi hiyo hiyo ilichora mpaka wa Ziwa Nyasa. Mstari haukupita katikati ya maji. Ulifuata ufuo wa mashariki, ukazunguka kaskazini hadi kwenye mdomo wa mto Songwe. Kwa maandishi hayo, mvuvi wa Kyela anayesukuma mtumbwi wake anatoka Tanzania kabla makasia hayajalowa.

Malawi inayashika maandishi hayo. Tanzania husema mpaka wa haki ni katikati ya ziwa, ikitegemea desturi ya mataifa na baadhi ya ramani za enzi ya Waingereza. Mgogoro uliwaka mwaka 1967, ukawaka tena 2012 kwa sababu ya utafiti wa mafuta, na wazee wastaafu wa SADC chini ya Joaquim Chissano wakaombwa kupatanisha. Na kuna mfupa mgumu: azimio la Cairo la Julai 1964, lililozitaka nchi za Afrika kuheshimu mipaka zilizoirithi siku ya uhuru, liliwasilishwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kyela, ambaye baba yake huvua dagaa katika maji hayo, akiandika kwa uaminifu kwamba hoja ya Malawi ina uzito, sijui waamuzi wangempa nini. Mimi ningempa tuzo ya kwanza, kisha ningemwomba aende Kalenga akaandike ya pili.