Redio Isiyoaga

Mzee mmoja aliyeendesha basi la jiji miaka mingi hapa Bronx huniletea suruali zake nimpunguzie urefu. Wiki iliyopita alikuja mikono mitupu. Alisimama mbele ya meza ya kukatia, akanyoosha kidole kwenye redio iliyo juu ya rafu ya nyuzi, akaniuliza kama nimesikia.

Sikuwa nimesikia. Akanieleza. Kituo tunachokisikiliza sote wawili, yeye jikoni kwake na mimi dukani, kinasemekana kitageuzwa. Mtangazaji wa asubuhi amepotea tangu Jumatatu na hakuna aliyesema kama yuko likizo au anaumwa. Matangazo ya biashara yamepungua. Jina la kituo halitajwi tena mara kwa mara kama zamani. Mzee amekaa jijini hapa maisha yake yote, na dalili hizi anazisoma kama mvuvi anavyosoma mawingu.

Jina la kituo silitaji. Hizi bado ni tetesi, na mle ndani kuna watu wanaotafuta riziki yao.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Baba alishonea barazani Ngamiani, Tanga, na redio yake aina ya National ilikaa juu ya kabati la vitambaa, imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Usiku mawimbi ya Mombasa yaliingia, na Sauti ya Tanzania Zanzibar tuliipata vizuri, lakini kituo cha baba kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kituo hicho kilizaliwa tarehe 1 Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikawa shirika mwaka 1956, kisha mwaka 1965 kikachukua jina tulilokulia nalo. Ngoma za kabla ya taarifa ya habari zikilia, cherehani ilisimama. Wateja wakanyamaza.

Ninachokikumbuka zaidi ni usiku. Kazi za sikukuu zilipobana, baba alishona hadi kituo kinafunga matangazo. Mtangazaji alituambia kwamba amefika mwisho wa matangazo ya siku hiyo, akatutakia usiku mwema, wimbo wa taifa ukapigwa. Baba alisimama, hata kama sindano ilikuwa imezama katikati ya kola. Wimbo ukiisha alizungusha kitufe mpaka kikalia tik, akamwaga mkaa wa pasi, tukaenda kulala. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba redio ni kama mgeni mwenye adabu. Hatoki nyumbani kwa watu bila kuaga.

Nilipofika New York mwaka 1999 nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Hapa kituo cha redio ni mali ya kibiashara tangu zamani. Katika jiji hili, tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF kilirusha tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza kulipiwa katika redio, na bidhaa iliyonadiwa ilikuwa makazi ya Jackson Heights, mtaa wa Queens ambako leo nanunua zipu na vifungo. Mwenye masafa ana kiwanja. Akiona duka la nguo halilipi, atafungua la viatu, na namba ya mlango ni ileile.

Na jiji hili limegeuza maduka hayo mara nyingi. WINS ilikuwa ya rock and roll. Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa muziki huo, alitangaza pale. Aprili 1965 ikapiga wimbo wa mwisho, wa wasichana wa The Shangri-Las, ikawa habari tupu usiku na mchana. Waliolia wakati ule walikuwa na haki ya kulia. Lakini umeme ulipokatika karibu jiji zima Julai 1977, WINS iliendelea kusikika kwa sababu mtambo wake wa kurushia uko New Jersey, na watu waliokaa gizani na redio za betri waliishukuru. Mabadiliko yenyewe siyachukii. Suruali hupunguzwa, gauni la mama hugeuzwa la binti. Ndiyo kazi yangu.

Tarehe 1 Julai 1987 WHN, iliyokuwa ikipiga muziki wa country, ikawa WFAN, kituo cha michezo saa ishirini na nne. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, WFAN ikahamia kwenye masafa ya 660, na aliyeondolewa ili kumpisha alikuwa WNBC, yaani WEAF ileile ya tangazo la 1922. Miaka sitini na sita ikafungwa jioni moja.

Lakini habari ambayo wazee wa hapa hawachoki kuisimulia ni ya WABC. Kuanzia mwisho wa 1960 WABC ilipiga nyimbo zinazotamba, chache, zikirudiwa na kurudiwa, kwa nguvu ya wati 50,000 kwenye masafa ya 770. Usiku mawimbi yake yalisafiri mbali sana nje ya jiji, na mtoto aliyejificha na redio ndogo chini ya blanketi katika jimbo jingine aliijua sauti ya Dan Ingram kuliko ya mjomba wake. Kisha FM ikaja na sauti safi zaidi. Julai 1978 kituo kimoja cha FM, WKTU, kilibadilika ghafla kikawa cha disko, na miezi michache tu baadaye kilikuwa kimeipita WABC kwa wasikilizaji. Wenye WABC walijua mchezo umekwisha. Wakaamua kugeuza kituo kiwe cha mazungumzo.

Walichofanya ndicho kinachonifanya niwaheshimu mpaka leo. Walisema mapema. Tarehe 10 Mei 1982, siku ya Jumatatu, waliwapa Dan Ingram na Ron Lundy maikrofoni kuanzia saa tatu asubuhi, na wazee hawa wawili wa kituo wakakaa pamoja saa tatu nzima wakikumbuka, wakipiga nyimbo, wakiwashukuru watu. Wimbo wa mwisho ulikuwa "Imagine" wa John Lennon, aliyeuawa katika jiji hilihilo mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma. Kisha kimya cha sekunde chache. Saa sita mchana mazungumzo yakaanza. Mzee wa basi alikuwa barabarani siku hiyo, na anasema abiria mmoja aliyeshika redio alikataa kushuka kwenye kituo chake mpaka wimbo uishe. Alimsubiri.

Sasa linganisha siku hiyo na Ijumaa ya tarehe 3 Juni 2005. Wakati huo nilikuwa napiga pasi kwenye duka la dobi, na wenzangu wote walipenda WCBS-FM, 101.1, iliyopiga nyimbo za zamani tangu Julai 1972. Bruce Morrow, ambaye jiji zima lilimwita binamu, alikuwa pale, baada ya kutoka WABC miaka ya nyuma. Saa kumi na moja jioni ukapigwa wimbo wa Frank Sinatra, na baada yake ikaja redio nyingine kabisa, jina lake Jack, isiyo na watangazaji, ila sauti moja iliyorekodiwa na nyimbo zilizochanganywa. Siku hiyohiyo kituo ndugu chao cha Chicago kilifanyiwa vivyo hivyo. Miaka thelathini na mitatu, na watangazaji wale hawakupewa nafasi ya kusema kwaheri hewani. Mwenzangu aliyekuwa akikunja mashati alidhani ameigusa redio kwa bahati mbaya. Alizungusha kitufe kushoto na kulia akitafuta, kama mtu aliyerudi kutoka kazini akakuta kufuli la nyumba limebadilishwa. Meya Michael Bloomberg mwenyewe alisema hadharani, kwa hasira, kwamba hatakisikiliza tena.

Wanaojua kazi hii hueleza sababu mbili za vituo kugeuzwa bila kuaga. Ya kwanza ni hofu: mtu aliyefukuzwa kazi akipewa maikrofoni iliyo hewani, anaweza kusema lolote. Nadhani hofu hiyo inawadharau watangazaji. Ingram na Lundy walikuwa na maikrofoni iliyo wazi saa tatu, na walichokitoa ni shukrani. Sababu ya pili inaniuma zaidi. Wenye matangazo ya biashara hutafuta watu wa umri wa kati ya miaka 25 na 54. Msikilizaji akishapita hapo, hata awe mwaminifu namna gani, hesabu yake inashuka. Mzee wa basi ana miaka sabini na kitu. Yeye husikiliza kituo tangu anaamka hadi analala, na kwa vitabu vya watu hao hayupo.

WCBS-FM ilirudi. Tarehe 12 Julai 2007, saa saba na dakika moja mchana, ambayo kwa saa za Kizungu huandikwa 1:01 kulingana na namba yao ya 101.1, nyimbo za zamani zilirejea pamoja na baadhi ya watangazaji. Ndiyo maana mzee hakati tamaa. Na mwaka 2024, WCBS ya masafa ya 880, ndugu yake wa habari, ilipofungwa tarehe 26 Agosti baada ya miaka hamsini na saba ya habari, wasikilizaji waliambiwa wiki mbili kabla, na waandishi wake wakaaga kwa majina yao.  Niliizima pasi nikasikiliza mwisho wake. Nilisikitika, lakini sikuhisi nimeibiwa.

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja siku hiyo hadi nafunga. Aliniuliza, kama mtangazaji wa asubuhi hatarudi, nani atamwambia kwamba yeye mzee alikuwa akimsikiliza wakati mkewe ni mgonjwa, na kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa chumbani usiku wa mwisho. Sikuwa na jibu. Nilipanga makasi, nikafunika cherehani, nikanyoosha mkono kuzima redio.

"Ngoja wimbo uishe," akasema.

Tukangoja. Ukaisha, ukaanza mwingine, bila mtu kusema neno katikati.